Kijani kilichompoteza mwanangu: uzoefu wangu na kitabu cha fizikia cha kielektroniki

Kitabu hiki nilikilipia kwa sababu moja tu: viungo vyake, yaani maandishi ya kubonyeza yanayompeleka msomaji kwenye somo jingine, huwekewa vidoa vinavyobadilika rangi kwa kadiri msomaji anavyoendelea, kijani kwa somo ambalo yuko tayari kulisoma, chekundu kwa lile ambalo bado hajaupata msingi wake, na cheupe kwa lisilo na jipya kwake. Mwanangu wa kidato cha pili, hapa Wete, alikuwa na tabia ya kubonyeza "endelea" ukurasa baada ya ukurasa, na nilifurahi kumwona akirudi nyuma kutafuta alichokiruka.

Furaha hiyo haikudumu. Mdogo wake, kila akitoka chuoni, hukitwaa kishkwambi na kupekua kurasa akitafuta picha, na kitabu, bila ya haya, kikahesabu kwamba kila ukurasa alioufungua umesomwa na umefahamika. Kidoa cha Kanuni ya Ohm kikageuka cheupe, vya sura za sakiti vikawa kijani, na kaka mtu akavifuata kwa uaminifu mpaka akakwama kwenye mazoezi ya ukinzani, akaamini kwamba yeye ndiye mzito wa kufahamu. Hilo ndilo lililonichoma.

Nikawapigia simu wauzaji. Kijana aliyepokea hata salamu hakuitikia, alisema tu, "Mama, mwambie afuate kijani, mfumo unajua zaidi." Unajua nini? InterBook, mfumo wa vitabu vya kielektroniki wa mtafiti Peter Brusilovsky na wenzake, ilitumia rangi hizi miaka ya 1990, na katika muongo huohuo ELM-ART, iliyofundisha lugha ya kompyuta ya Lisp, ilikwisha kutenganisha ukurasa uliofunguliwa tu na somo lililothibitishwa kwa maswali. Anayetutoza fedha leo ana udhuru gani?

Nilikusudia kuandika kwamba kisinunuliwe kabisa. Hata hivyo, tangu nilipokisajili upya na kukifungia neno la siri, vidoa vimetengemaa, na juzi mwanangu alikiona chekundu kwenye sura ya sumaku-umeme, akarudi mwenyewe kwenye mkondo wa umeme bila ya kusukumwa na mtu. Kwa mwenye kishkwambi cha peke yake, basi, nyota tatu kinastahiki. Kwa nyumba kama yangu, ambamo kifaa kimoja hushikwa na kila mtoto, hata moja naiona nyingi, na nikiikumbuka ile simu, hizo tatu nazo nazipunguza zikawa mbili.