GitHub Actions: tathmini kwa wanaorusha tovuti winguni kutoka Kigoma

Kwa anayeandika programu Mwanga au Ujiji kwa bando la simu, faida kubwa ya GitHub Actions, huduma ya GitHub inayojenga na kurusha programu yenyewe, ni kwamba mzigo mzito haupiti kwenye laini yake. Ukijenga kontena (kifurushi cha programu na vyote inavyohitaji) ya MB 400 kwenye laptop, lazima uipandishe mwenyewe. Hapa unapusha, yaani unatuma GitHub, mabadiliko ya msimbo tu, mara nyingi KB chache, na mashine za GitHub zinajenga na kurusha. Umeme ukikatika baada ya kupusha, kazi haisimami.

Repo (hifadhi ya msimbo) ya wazi ni bure. Ya binafsi, kwenye mpango wa bure, ina dakika 2,000 kwa mwezi. Zinatosha, ila weka `timeout-minutes: 15` kwenye faili la maelekezo ya kazi, usipoweka, kazi iliyokwama huruhusiwa kula hadi dakika 360.

Udhaifu wake mkubwa ni ile tiki ya kijani inayoonekana kazi ikiisha. Inamaanisha amri zimeisha bila kosa, haimaanishi tovuti inafanya kazi. `docker run -d` ikishaiwasha kontena inahesabika imefaulu, hata programu ikianguka sekunde mbili baadaye. Kwa hiyo hatua ya mwisho iwe amri hii inayojaribu kuifungua tovuti, ukifuatisha anwani ya tovuti yako:

`curl --fail --retry 5 --retry-connrefused`

Ikigoma, acha logi (kumbukumbu za matukio) za Actions, kafungue za wingu. Kwenye Cloud Run, huduma ya wingu ya Google, chunguza kwanza poti (namba ya mlango wa kupokea maombi): programu isikilize `0.0.0.0` kwa namba iliyo kwenye `PORT`. Ikisikiliza `127.0.0.1` haifikiki kutoka nje ya kontena.

Tovuti iliyokubali kwenye Windows na kugoma huku kwenye Linux, tazama majina ya mafaili. Linux hutofautisha `Nembo.png` na `nembo.png`. Badilisha kwa `git mv`, maana ukibadilisha kwenye folda Git ya Windows inaweza isione tofauti. Kazi ikifeli kwa kodi 137, mara nyingi ni kumbukumbu (RAM) imejaa. `npm ci`, amri ya kusakinisha vifurushi vya JavaScript, ikikataa, huenda `package-lock.json` haikupushwa au hailingani na `package.json`.

Mchangiaji akituma ombi la mabadiliko (pull request) kutoka nakala yake ya repo, siri zako, yaani funguo na nywila, hazimfikii, hivyo hatua ya kuingia winguni itafeli. Ni ulinzi mzuri, usiukwepe. Rusha kutoka tawi kuu tu.

Ratiba za cron, za kazi zinazojirudia kwa saa maalumu, kwa kawaida husomwa kwa UTC (saa ya kimataifa), saa tatu nyuma yetu. Kazi ya saa nane usiku Kigoma iandike `0 23 * * *`.