Vizibo vya Masikio: Usimpeleke Mzee Kwenye Dansi Kabla Hujaona Hii

Karibuni watazamaji wangu, hapa ni Tabora mjini, na mezani leo nina vizibo vya masikio, hivi vya sponji. Rangi mnaiona, ukubwa mnauona, sipotezi muda huko. Mimi nawazungumzia nyie mnaompeleka mzee kwenye dansi. Msondo wamekuja, bendi ya tangu 1964, mzee nyimbo zote anazijua, mnamtafutia meza ya mbele kwa heshima. Meza yenyewe iko chini ya spika!

Sikieni hesabu. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Desibeli 85, sikio linavumilia kwa muda wa saa 8. Kila ikiongezeka 3, muda unakatika nusu. Ikifika 100 mna dakika 15 tu, na mbele ya spika, tarumbeta zikishaingia, mia hiyo inafika. Dansi nalo ni hadi usiku wa manane. Wazungu wa roki yamewakuta. Bendi ya The Who mwaka 1976 waliingia kitabu cha rekodi cha Guinness kwa desibeli 126, zimepimwa mita 32 kutoka kwenye spika. Brian Johnson, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, mwaka 2016, madaktari walimwambia aache ziara, la sivyo angekuwa kiziwi kabisa.

Sasa kinachoniudhi ni hii namba kwenye pakiti. Imeandikwa 33, mtu anadhani atapunguziwa desibeli 33. Hiyo ni ya maabara! Kanuni ya usalama kazini Marekani inasema toa 7, kisha gawa kwa 2. Mnabaki na 13. Mia toa 13 ni 87, hapo mna muda wa kama saa 5. Na hiyo 13 nayo hamuipati mkikibandika mlangoni mwa sikio kama wengi wanavyofanya.

Tazameni vidole vyangu. Mikono iwe safi. Kiviringishe taratibu hadi kiwe chembamba, bila mkunjo, maana mkunjo mmoja unaacha njia ya sauti. Mnaona? Hiki kina mkunjo, nakirudia. Haya. Mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa, shika sikio kwa juu, livute juu na nyuma. Tundu la sikio lina kona, ukilivuta linanyooka. Ingiza upesi, kabla sponji haijafura. Sasa kishikilie kwa kidole, hesabu hadi 30. Usiachie kwenye 10, kitarudi nje chenyewe!

Kujaribu: kuwe na kelele, funika masikio kwa viganja, kisha achia. Sauti ikibadilika sana, hakijakaa, kitoe uanze upya. Na mzee mvalishe nyumbani kwenye mwanga, "Baba, samahani, naomba ugeuke kidogo." Ukumbini gizani hutaona kitu.

Pamba na tishu achaneni navyo, sauti inapita humo humo. Na Tabora yetu hatukosi nta ya nyuki, lakini msiifinyange mkaitia masikioni, vipande vinabaki ndani.

Nilitaka kusema sponji inatosha, tumemaliza. Hapana. Sponji inakula sauti za juu kuliko besi, kwa hiyo gitaa la solo na saksafoni vinafifia, besi inabaki inavuma. Mzee aliyekulia kwenye bendi zetu za zamani, Kiko Kids na Tabora Jazz, huwezi kumpa besi tupu! Vile vya silikoni vyenye kichujio vinapunguza juu na chini karibu sawasawa, maneno ya mwimbaji anayasikia. Bei yake ni mara nyingi ya hivi, ila vinaoshwa na kuvaliwa tena. Mzee apate silikoni, wewe vaa sponji.

Mjukuu mdogo msimtie kizibo, anaweza kukimeza. Mvalisheni vile vifunika masikio vya kichwani. Mzee mwenye kifaa cha kumsaidia kusikia, kukizima tu si kinga. Akivue, kiwekwe kwenye kasha lake, naye avae vifunika masikio.



Na wakati wa kuvua: zungusha kidogo kwanza hewa iingie, ndipo uvute taratibu. Kikichomolewa kwa pupa kinavuta ngoma ya sikio, na mzee ataumia. Hivi, mnaona? Zungusha… zungusha… sasa vuta.