Lenzi ya mkono ya 10x: nimeitumia Ngong Hills kwa lile ua la rangi ya machungwa (nyota 4 kwa 5)

Hii lenzi ya 10x, yaani inakuza mara kumi, naikubali kabisa. Niliinunua Nairobi elfu moja mia tano, ni ya chuma, ya kukunja, inakaa mfukoni na funguo, na nimetembea nayo miezi mitatu sasa kwa hivyo naongea kitu nakijua.

Kilichonifanya niitafute ni lile ua la rangi ya machungwa, wale mmepanda vilima vya Ngong karibu na Nairobi mmeliona, limekaa mipira mipira kwenye kijiti, mmoja juu ya mwingine. Programu ya simu niliipa picha tatu, mara ikasema Leonotis leonurus, mara lantana, kichaka kingine. Leonurus kwao ni kusini mwa Afrika na majani yake ni membamba, haya yetu ni mapana kama ya mrehani, nikaona hapa lazima niangalie mwenyewe.

Kwanza shika shina ulizungushe kwa vidole, utasikia pembe nne. Hiyo ni dalili ya familia ya mnanaa lakini tafadhali msiishie hapo, hata lantana ina shina la pembe nne na majani yanayotazamana mawili mawili. Sasa ndo lenzi inafanya kazi: chungulia ndani ya kikombe cha ua lililokwisha kukauka, utaona vijimbegu vinne vikavu vimebanana pale chini, na lantana haina hiyo, yenyewe inazaa vitunda vyenye maji vinavyoiva vyeusi. Halafu mdomo wa juu wa ua, kwa macho tu unaonekana kama mahameli, ukiweka lenzi ni manyoya ya machungwa yamesimama moja moja, yaani nilikaa hapo chini karibu nusu saa naangalia ua moja tu. Leonotis ni Kigiriki, sikio la simba, na ukiyaona hayo manyoya unaelewa kabisa.

Mwishowe nikafika kwa Leonotis ocymifolia, na jina lenyewe ni majani ya mrehani! Ni kichaka, shina la chini limekuwa gumu kama mti. Ndugu yake nepetifolia ni wa msimu mmoja, wa kando ya barabara na mashambani, majani yana vikonyo virefu na ile mipira inachoma vibaya. Ndege wanaoitwa chozi nao wanayapenda sana haya maua, mdomo wao uliopinda unaingia sawasawa, na mwaka 1975 watafiti Frank Gill na Larry Wolf waliandika jinsi chozi wa mabawa ya dhahabu hapa Kenya anavyolinda maua ya Leonotis akifukuza wenzake, kwa sababu asali anayookoa inazidi nguvu anayotumia kupigana.

Ukiinunua, weka lenzi karibu kabisa na jicho kwanza, ndo ulete ua, kama sentimita mbili na nusu hivi. Na usidanganyike na zile zimeandikwa 30x kwa bei ya chini, nilichukua moja duka lingine, inakuza sawa na hii tu na pembeni ni ukungu.

Nyota moja nimeitoa kwa ile skrubu, inalegea, kila wiki naikaza na bisibisi ya miwani. Kamba pia haiji nayo, nimefunga kamba ya kiatu nyekundu ndo ikianguka kwa nyasi niione.