Tahadhari: nguzo na nyavu za zizi la mbuzi zinazouzwa minadani Kongwa

Ndugu wafugaji, hasa mnaojiandaa kujenga zizi kabla mvua hazijaanza, naomba msome habari hii kabla ya kulipa chochote kwa muuzaji anayefika minadani wilayani Kongwa na kenta iliyopakia nguzo za rangi ya kijani na marola ya wavu wa fensi. Jina lake silitaji kwa kuwa shauri liko polisi, lakini namna anavyouza naweza kuieleza yote, maana nilimlipa shilingi 1,600,000 na nimepoteza mbuzi sita.

Zizi langu ni la mita 25 kwa 20, yaani mita 90 kuzunguka, hivyo niliagiza marola matano ya mita 20 kila moja, pamoja na nguzo 40 zilizotiwa dawa. Mnadani alinipa kipande cha wavu mnene, nikajaribu kukikunja kwa mikono yote miwili kikagoma, nikaridhika. Mzigo ulifika siku nne baadaye, jioni, marola yakiwa yamefungwa ndani ya mifuko ya sandarusi na dereva akihimiza kwamba ana safari nyingine, kwa hiyo tulishusha bila kufungua hata moja na nikatuma salio kwa simu. Kijana wangu alibeba rola moja begani peke yake, na mimi sikujiuliza kwa nini lilikuwa jepesi kiasi hicho.

Mafundi walipofika karibu na lango, wavu uliisha na mita tano zikabaki wazi. Tulipopima kwa futikamba tukakuta kila rola lilikuwa na mita 17. Muuzaji aliahidi kuleta upungufu huo, hakuleta, nami nikaliziba pengo kwa matawi ya mgunga yenye miiba, kama wazee wetu walivyojenga maboma yao.

Miezi tisa baadaye fisi waliingia usiku. Hawakupita kwenye miiba. Walipita kwenye wavu. Asubuhi niliukuta umevutwa kutoka chini, nyaya zimenyooka kama uzi uliofumuka, manyoya ya mbuzi yamenasa kwenye ncha zake, na nguzo iliyokuwa ikiushikilia imekatika usawa wa ardhi. Ndani ya nguzo hiyo hapakuwa na mti tena, palikuwa na udongo wa mchwa. Kati ya wale sita, mmoja alikuwa amebakiza siku chache azae.

Ndipo nilipompelekea fundi wa kuchomelea kipande cha waya akipime kwa kalipa, akapata milimita 1.6. Nilimfuata muuzaji mnadani, naye akanijibu kwa utulivu kwamba huo ni geji 16 (geji ni namba ya kutaja unene wa waya), na kwa kuwa 16 ni kubwa kuliko 12 niliyoagiza, nilipendelewa. Maneno hayo yamewapoteza wengi, kwa hiyo naomba yaeleweke: namba za geji huenda kinyume, kadiri namba inavyopanda ndivyo waya unavyozidi kuwa mwembamba. Waya wa geji 12 una unene wa karibu milimita 2.6, na kwa wavu wenye matundu ya ukubwa uleule unabeba chuma zaidi ya mara mbili na nusu ya wavu wa geji 16. Msiulize geji peke yake. Taja milimita, pima mwenyewe, na ufungue kila rola hadi mwisho wake kabla kenta haijaondoka.

Kuhusu nguzo, ujanja wake ni mkubwa zaidi kwa sababu umechanganywa na ukweli. Nilipomwonyesha kuwa ndani ni nyeupe alisema kiini cha mti hakinywi dawa, na ni kweli, kiini cha mkaratusi hakinywi. Lakini sehemu ya nje inayozunguka kiini hunywa dawa inaposhindiliwa kwa mgandamizo kiwandani, na ukikata nguzo halali kwa msumeno utaona pete ya kijani yenye kina cha kutosha kuzunguka kiini. Nguzo zangu zilikuwa na kijani kisichozidi unene wa ukucha. Zilipakwa rangi tu. Chagua nguzo moja wewe mwenyewe, si ile anayokupa yeye, na uikate katikati hata kama itabidi uilipie. Zikiwa halali, usichimbie ardhini upande uliokatwa, na vipande vinavyobaki msivitumie kama kuni za kupikia, kwani dawa hiyo mara nyingi huwa na aseniki, ambayo ni sumu.

Risiti aliyonipa iliandikwa kwa mkono, «vifaa vya fensi», basi. Haikutaja urefu, unene wala dawa, na polisi walinieleza jinsi inavyokuwa vigumu kuthibitisha makubaliano kwa karatasi ya namna hiyo. Daini risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, na pembeni yake muandikiane na kutia saini: mita ngapi, milimita ngapi, nguzo za dawa gani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani.

Kama nawe uliuziwa na mtu huyu, tafadhali usitupe kitu. Hifadhi kipande cha wavu, kata kisiki cha nguzo iliyoliwa ukiweke pakavu, tunza ujumbe wa malipo kwenye simu, kisha uvipeleke kituo cha polisi kilicho karibu nawe na uandikishe malalamiko yako. Mimi tayari nimepeleka vyangu.