Uzoefu wangu wa kusoma shahada ya uzamili ya modeli za kikompyuta, na hali ya ajira baada yake

Nilisoma shahada ya uzamili ya modeli za kihisabati na kikompyuta katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, baada ya shahada ya kwanza ya hisabati na takwimu, na sasa ninafanya kazi katika mradi wa utafiti wa magonjwa ya kuambukiza. Nilipokuwa ninatafuta taarifa kabla ya kuomba nafasi, nilikuta maelezo ya kutosha kuhusu ada na sifa za kujiunga, lakini machache mno kuhusu kinachofundishwa hasa na nani atakayemwajiri mhitimu.

Fani hii ni ya kulichukua jambo linalobadilika kadiri muda unavyokwenda, kama vile mtiririko wa mto au kuenea kwa ugonjwa, kuliandika kwa milinganyo, kisha kuiachia kompyuta ukokotoaji ambao kalamu haiuwezi. Muhula wa kwanza ni hisabati tupu, na aliyeikimbia kalkulasi katika shahada ya kwanza ataikuta inamsubiri.

Somo lililonifanya nisijutie ada niliyolipa ni la modeli za milipuko. Msingi wake ni kazi ya Kermack na McKendrick ya mwaka 1927, inayowagawa watu katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na waliokwishapona. Mhadhiri alitupa mfano wa surua, ambapo mgonjwa mmoja huambukiza watu 15 katika jamii isiyo na kinga, akiwa na uwezo wa kuambukiza kwa siku 8, akatutaka tukokotoe kwa njia ya Euler, yaani kuisogeza hesabu mbele hatua kwa hatua, tukiruka siku nzima kwa kila hatua. Mlipuko ulipokaribia kilele, kompyuta ilituletea idadi ya wanaoweza kuambukizwa iliyo chini ya sifuri, yaani kijiji chenye watu hasi, na haikutoa onyo lolote. Tulipoifupisha hatua hadi sehemu ya kumi ya siku, mchoro ulikaa sawa. Milinganyo hiyohiyo inaonyesha kwamba, ili mlipuko wa namna hiyo usipate nguvu, zaidi ya asilimia 93 ya watu wanapaswa kuwa na kinga, na hapo ndipo mtu anapoelewa kwa nini lengo la chanjo ya surua huwekwa kwenye asilimia 95. Mimi nililielewa hilo kwa kuliona kwenye skrini, si kwa kulikariri.

Kilichonikera ni mitihani. Tulitakiwa kuandika programu kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa kalamu, kwenye karatasi, na kupoteza alama kwa mabano yaliyosahaulika ambayo kompyuta ingeyaonyesha papo hapo. Maabara nayo ilikuwa na kompyuta chache kuliko wanafunzi, hivyo kompyuta mpakato yako mwenyewe ni sehemu ya gharama, hata kama haikutajwa kwenye orodha ya ada. Upande wa programu hakuna haja ya kuhangaika na leseni za MATLAB, programu ya ukokotoaji ya kulipia, kwa kuwa Python, R na Octave hupatikana bure na zinatosha kwa karibu kila zoezi.

Kuhusu ajira, jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ni nadra kukuta tangazo la kazi linalotaja fani hii kwa jina. Matangazo humtafuta mtakwimu, mchambuzi wa data au afisa TEHAMA, na mhitimu ndiye anayelazimika kueleza kwamba anaiweza kazi hiyo. Waswahili husema kizuri chajiuza, lakini shahada hii, pamoja na uzuri wake, utaitembeza mwenyewe. Wahitimu wenye ujuzi huu wana nafasi katika utafiti wa malaria, eneo ambalo Taasisi ya Afya Ifakara ina historia ndefu. Katika utabiri wa hali ya hewa, ambao leo hautenganishwi na modeli za kompyuta. Na katika usimamizi wa maji, hasa kwa vile bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linahitaji makadirio ya maji yanayoingia na yanayotoka. Benki na kampuni za bima nazo huhitaji watu wa kukokotoa hatari, na kwa maoni yangu huko ndiko mhitimu asiye na subira ya kusubiri miradi ya utafiti anakopaswa kuanzia. Utafiti huajiri kwa mikataba inayokwisha pamoja na fedha za mfadhili. Kwa anayetaka kusoma nje ya nchi, AIMS (Taasisi ya Sayansi za Hisabati ya Afrika) iliyoko Kigali, Rwanda, hutoa shahada ya uzamili ya sayansi za hisabati.

Kilichonisaidia kwenye usaili wangu ni tasnifu. Niliifanya kwa takwimu halisi za wagonjwa badala ya namba za kubuni, na jopo liliuliza zaidi kuhusu namna nilivyoshughulikia wiki zilizokosa taarifa kuliko kuhusu milinganyo yenyewe. Kabla ya kulipa ada, muulize mkuu wa idara kama wanafunzi hupata takwimu za namna hiyo kutoka kwa taasisi zinazozikusanya, na kama msimamizi wa tasnifu yeye mwenyewe huandika programu. Mimi sikuuliza la pili, na ni kwa bahati tu nilimpata anayeandika.