Nimerithi akiba ya uzeeni ya kaka aliyefia Marekani, nikiwa Mwanza: uzoefu wangu

Nyota tatu kati ya tano kwa kampuni iliyokuwa ikiitunza. Mbili nimezikata kwa sababu ya herufi moja, mtaiona.

Kaka yangu alifariki Texas mwaka 2021 akiwa na miaka 61, hana mke wala mtoto. Baada ya arobaini ikaja baruapepe ya kampuni iliyokuwa ikimtunzia akiba yake ya kustaafu, akaunti wanayoiita IRA. Ikasema mimi ndiye niliyeandikwa mnufaika. Nikajua ni matapeli, wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Nikampigia rafiki yake waliyekaa nyumba moja, akaniambia ni kweli.

Wakati huo tulikuwa tumeshakaa Igoma, muhtasari wa kikao cha ukoo umesainiwa, tumteue msimamizi wa mirathi twende Mahakama ya Mwanzo. Kumbe akaunti hii haipiti huko. Analipwa aliyeandikwa kwenye fomu ya mnufaika, na hata wosia ukisema vingine, fomu ndiyo inayoshinda. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka. Hatukusalimiana mpaka Pasaka.

Karatasi zenyewe si nyingi: cheti cha kifo, fomu ya madai, kitambulisho, na fomu ya kodi W-8BEN ya mtu asiye raia wala mkazi wa kule. Sasa, kaka aliniandika Mariam. NIDA na pasipoti yangu zinasema Mariamu. Faili likarudi. Wakili akaniandikia kiapo cha majina, nikatuma, wakasema sahihi yangu lazima igongwe muhuri wa dhamana unaotolewa na benki za kwao. Nilizunguka benki tatu mjini. Dada wa dirishani aliigeuza ile fomu mbele na nyuma, akaniuliza, "Mama, hii ni ya mkopo?"

Kila nilipopiga simu nilisubiri saa kumi jioni, ndiyo kwao asubuhi, muda ambao mimi niko Mwaloni nafunga magunia ya dagaa. Na kila siku mtu mpya, naanza hadithi upya. Mwisho wakakubali muhuri wa ubalozi wao Dar es Salaam: dola 50 kwa muhuri mmoja, kwa miadi. Nikapanda basi Nyegezi, nikalala kwa shemeji, kesho yake afisa akanimaliza kwa dakika tano. Ile "u" ilinila miezi minne na nauli ya kwenda na kurudi.

Masharti ya kutoa hela, hapo nawapa haki yao, walinieleza vizuri. Kwa kuwa sikuwa mke wake, siwezi kuihamishia kwenye akaunti yangu ya kustaafu. Inabaki na jina la marehemu, langu linafuata kama mnufaika. Sheria yao iliyoanza 2020 inawataka wengi wetu tuikaushe akaunti ndani ya miaka kumi, kwa hiyo mwisho wangu ni Desemba 31, 2031. Katikati hapo natoa nikitaka, kwa sababu kaka hakuwa amefika umri wa kulazimishwa kuanza kutoa, ambao sasa ni miaka 73. Angekuwa ameufikia, ningelazimika kutoa kiasi kila mwaka. Ukipitisha tarehe, adhabu ni hadi asilimia 25 ya ulichotakiwa kutoa. Ile faini ya asilimia 10 ya kutoa mapema kabla ya uzee haimgusi mrithi, hata awe kijana.

Kodi ndiyo iliyoniuma. Wanakata asilimia 30 hapo hapo, maana Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kuipunguza. Niliomba dola 4,000, zikaja 2,800, na benki ya huku nayo ikachukua chake kabla sijazishika. Ilitaka pia maelezo ya chanzo cha fedha, nikapeleka cheti cha kifo kwa mara ya sita.

Ukiwa na ndugu kule aliye hai, mwombe leo akusomee jina lako lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, ukiwa na NIDA mkononi. Si uchuro.

Baba mdogo nilimpelekea bati ishirini. Alizipokea, akaagiza niletewe chai. Na juzi imeingia taarifa ya akaunti ya robo mwaka. Nimeifungua: "Mpendwa Mariam."