Uzoefu wangu: meza ya plastiki ya kuzungushia keki, sm 28

Kwa keki ya matabaka ya nyumbani meza hii inatosha. Keki ya sm 20 inakaa vizuri na skrepa, kile kibapa cha kulainishia krimu ubavuni, inapata pa kusimama pembeni. Ya sm 25 tayari inabana.

Kasoro yake ni wepesi. Ukikandamiza kidogo tu inateleza kwenye kaunta, kwa hiyo tandika chini yake kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Kilichonifanya niipende ni miduara iliyochorwa kwenye sahani yake ya juu, inayonionyesha katikati ni wapi. Keki ikikaa pembeni hata nusu sentimita, upande mmoja unavaa krimu nene na wa pili unakwanguliwa hadi keki ionekane, halafu lawama zote anapewa skrepa wa watu!

Napaka kwanza krimu nyembamba ya kukamata makombo, keki inaingia friji dakika 30, ndipo napaka ya pili. Skrepa isimame wima, chini iguse ubao wa keki, na uso wake usilale bapa kwenye krimu. Uache upenyo wa kama nyuzi 45, la sivyo itaibandua. Mkono wa skrepa hautembei, inayozunguka ni meza. Ukisita katikati ya mzunguko, unabaki mstari wa wima.

Vishimo vidogo vidogo havitokani na meza. Ni hewa ndani ya krimu: ikishaumuka, ikoroge kwa mwendo wa chini kabisa dakika 2. Joto la Dar nalo ni habari nyingine. Kwa siagi gramu 300 na sukari ya aisingi gramu 600, mimi naondoa gramu 100 za siagi na kuweka mafuta meupe ya mgando. Ladha inapungua kidogo, lakini krimu haiporomoki.

Chini ya sahani kuna gololi za chuma ndani ya mfereji. Makombo yakiingia humo meza inakwama-kwama, na kila inapokwama krimu inapata wimbi. Safisha kwa brashi kavu. Usiiloweke, gololi zitashika kutu.

Keki ya ghorofa usiipandishe humu. Sahani inapinda kwa uzito na mzunguko unayumba, hapo tafuta meza ya alumini yenye kitako cha chuma.